Mwaka wa Mahindi Mengi

Mke wa yule Mgiriki alikuwa na mkomamanga mmoja
nyuma ya mashine ya kumenyea kahawa, kule Kibosho.
Haukuzaa sana. Baridi.
Siku ya malipo alipasua tunda kwa kisu cha mkate,
akawagawia wachumaji punje, mojamoja,
akasimulia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga:
binti alikuwa anachuma maua, ardhi ikapasuka,
bwana wa kuzimu akamchukua,
na mama mtu, mwenye nafaka zote za dunia, akagoma.
Hakikuota kitu. Hata miungu ikaona njaa.

Mama aliishika hadithi yote isipokuwa majina.
Alitusimulia jikoni, huku akiponda mtori,
na kwake binti alikuwa wa Uru, maua yalikuwa ya maharage,
na punje alizokula kule chini zilikuwa sita,
au nne, au saba, kutegemea moto umekolea vipi.
Neno moja tu halikubadilika:
ukila cha kuzimu, umejiweka rehani.

Elifuraha, mdogo wangu, alicheka.
"Si angetapika?"

Mererani si mbali. Asubuhi isiyo na ukungu,
ukisimama juu ya mfereji wetu,
unaiona nyika ile, kavu, kama ngozi iliyoanikwa.
Alishuka huko na tochi ya kufunga kichwani.
Tajiri hakumpa mshahara. Alimpa ugali,
maharage, na ahadi: jiwe likitoka, tutagawana.
Akala.
Mwaka wa pili akala.
Wanawaita wanaapolo, vijana wale wa mashimoni,
wanaopanda alfajiri wakimeta kinywe hadi kwenye kope.
Shuleni nilifundishwa kuwa Apolo ni mungu wa mwanga.
Sijui nani aliwabatiza.

Kila Desemba alipanda kuja nyumbani
na sukari, kitenge, na kikohozi.
Mama alikuwa ameshachachusha mbege;
migomba yenyewe, naapa, ilinyooka mgongo.
Januari akashuka tena.

Kisha masika yale.
Mvua ilianza Jumatano usiku, kwa adabu,
kama mgeni anayebisha hodi.
Ijumaa haikubisha tena.
Kule chini korongo lilijaa, maji yakatafuta mlango,
yakaukuta: shimo, kamba, ngazi za miti,
na vijana wa zamu ya usiku.

Mke wa Mgiriki, popote ulipozikwa,
hadithi yako kwetu imekaa kichwa chini.
Mama yangu hakugoma. Angegomaje? Mvua haikuwa yake.
Mwaka ule kila bua lilibeba mahindi mawili, matatu,
maharage yakatambaa hadi kwenye bati la choo,
ndizi zikaomba nguzo,
kahawa ikachanua mteremko mzima, nyeupe kama sanda.
Majirani walisema, Mungu ametukumbuka,
kisha wakamwona mama, wakanyamaza.
Kijani kile ndicho kilikuwa msiba.

Na alivuna. Mahindi hayamngoji mtu.
Alipima debe baada ya debe, akilisukasuka kila moja
kama mtu anayehesabu deni
akijua mdaiwa hayupo.

Mwili haukupatikana.
Desemba ilipofika alikata jani la isale kihambani,
pale palipo na babu zetu, akalifunga fundo,
akanitaka nimsindikize Mererani.
Shimo lilikuwa limezungushiwa miiba.
Mama akainama, akaliachia jani.
Hatukusikia likifika.

Kwetu ukiletewa isale huna ruhusa ya kukataa:
ulichokishikilia unakiachia,
hata kama ni haki yako, hata kama uliyemkamata alikula.

Nilimwambia, taratibu:
"Mama, bwana wa huko chini si Mchaga."

Akajifuta matope magotini.
"Atajifunza," akasema. "Ana muda."